Maneno Aliyoyameza Baba Yenu

Mwanangu wa kwanza,

Huku kwema, ila miguu inanivimba. Kuku mweupe ametotoa, na jirani yetu fundi cherehani amenishonea gauni pana la nyumbani.

Tangu tumzike baba yenu, mdogo wako amefunga vyumba vya mbele kwa kufuli, dada yako amefunga jiko. Kila mmoja anasema, "Baba aliniachia mimi." Mimi nalala stoo, napikia uani.

Hukuwepo siku ile baba yenu, mwezi aliostaafu, alipowaita wenzako sebuleni. Alikohoa kidogo, akasema, "Kaeni niwaambie nyumba hii namwachia nani." Mdogo wako akaruka: "Baba, usijichurie kifo!" Dada yako akaziba masikio. Mzee akacheka, akayameza maneno yake. Hakuyatoa tena, hata kwangu.

Sasa kila jioni namsikia sebuleni. Kiti kinaburutwa, kisha kinakuja kikohozi cha mtu anayetaka kusema. Nasubiri. Hasemi. Jana wenzako nao walikisikia. Walitazamana, funguo mikononi, wala hakuna aliyethubutu kuingia.

Leo nimekwenda kwa wakili peke yangu. Kile kiwanja nilichorithi kwa mama yangu nimekiandikia wosia, nikatia saini mbele ya mashahidi. Jumamosi nitawasomea wenzako. Njoo nawe. Atakayeziba masikio nitamzibua kwa mkono wangu mwenyewe, maana mimi sitaki kutoka kaburini kuja kuwatafuta wa kunisikiliza.

Ni mimi mama yako, bado nipo.