Kamera ya Mtumba na Koito ya Chebet

Jumatatu, 4 Agosti
Asubuhi kuuza mayai boilo, soko ya Chebunyo, kama kawaida. Mchana kamera. Niliitoa Kericho wiki jana, mtumba, haina kitabu ya maelezo. Nimepiga mbuzi ya jirani. Picha zote giza. Nikageuza kila kitu inageuka. Sasa mbuzi imekuwa nyeupe mpaka imeisha.

Jumatano, 6 Agosti
Kuna namba iko na f. Ikiwa ndogo, kitu moja inatoka safi, zile zingine zinakuwa ukungu. Nimepiga kabeji mbili, moja mbele, moja nyuma kidogo. Ya mbele unaona mpaka mdudu. Ya nyuma wingu tu. Namba ikiwa kubwa, zote zinaonekana. Nimecheka peke yangu kwa shamba kama mwenda wazimu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama ya Chebet amekuja kwa meza yangu ya mayai. Chebet tulikaa na yeye miaka tatu. Akaniacha Krismasi. Sasa Jumamosi ya wiki ijayo ni koito yake, wazee wa pande mbili wanakaa kuongea ng'ombe ya mahari. Bwana ni mwalimu.
"Kijana yangu, si wewe ndio uko na kamera? Kuja utupigie."
Nikamwambia nitapiga mpaka ng'ombe. Akacheka. Mimi pia. Akaenda.
Nikamenya mayai na hakuna mteja. Sikusikia kitu. Kama mguu imekufa ganzi, lakini mwili yote.

Jumanne, 12 Agosti
Mazoezi. Nimekalisha rafiki yangu Kibet na bibi yake. Kibet nimemfanya wingu.
"Na mimi niko wapi?"
"Uko hapo. Wewe ni mvua."
Bibi yake akasema hiyo ndio picha nzuri ya Kibet ameona.
Nimeamua. Jumamosi mwalimu atakuwa wingu. Koito yake yote, wingu. Watasema ni shida ya mtumba.

Jumamosi, 16 Agosti
Koito. Tenti, maziwa ya mursik kwa vibuyu, wazee na kofia zao. Nimewachekesha sana. Chebet akasimama mbele, mwalimu nyuma yake kidogo. Nikaweka namba ndogo. Nikalenga macho ya Chebet. Nikapiga. Nikaangalia.
Yeye safi kabisa. Mwalimu ukungu. Lakini Chebet alikuwa amegeuza macho, anaangalia huo ukungu. Anacheka na meno yote. Mimi hajawahi niangalia hivyo.
Mama yake akaita, "We fundi, umelala? Tukuletee kitanda?"
Watu wakaangua kicheko.
Nikaweka namba kubwa, nane.
"Mwalimu, sogea karibu. Hata wewe umealikwa."
Nikapiga. Wote wawili wakaonekana, mpaka vifungo ya shati.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisa sijaenda. Mvua. Sina hasira. Hata njaa sina.

Jumanne, 19 Agosti
Mama ya Chebet amekuja kuchagua picha. Amechukua ile ya namba nane, ya kuweka ukutani. Akasema wanapendeza. Nikasema ndio. Wanapendeza.
Ile ya ukungu sikumwonyesha. Alipoenda nikaitafuta kwa kamera. Nikabonyeza ya kufuta. Kamera ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena.
Ikaruka kwa picha inafuata. Mzee fulani anakula nyama, amefunga macho. Imetoka poa.