Shimo la Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu kaja tena ofisini. Mara ya nne! Shati limepigwa pasi, fomu ya kuomba shimo la barabarani lizibwe kaijaza kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni. Shimo liko mbele ya lango lake. Teksi zimegoma kuingia, na mkewe hatembei tangu apooze, na ana kliniki kila wiki. Anamsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka barabara kubwa. Nikamwonyesha kisanduku cha mwisho: Je, kuna aliyeumia? Kaandika Hapana. Nikamwambia, basi foleni ni ndefu, mwalimu wangu. Angekuwepo aliyeumia ningekupeleka mbele. Akanishukuru. Akanishukuru! Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Jumanne, 4 Machi
Mhasibu kaniuliza nina kisa gani na yule mzee. Nikasema sina.
Ninacho. Darasa la tatu, niliomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu. Akanisimamisha mbele ya wenzangu mpaka kaptura ikalowa. Kikojozi! Miaka thelathini na moja imepita, na muuza nyama bado ananiita hivyo mbele ya wateja. Mkewe ndiye aliyenipa kaptura ya mwanawe, akanisindikiza nyumbani kwa njia ya nyuma nisionekane. Huyo sina neno naye.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezunguka na kopo la rangi kuweka alama kwa kazi ya kesho. Shimo lenye duara jeupe linazibwa. Lisilo nalo linarukwa, hata kama ng'ombe anaweza kuzama humo. Kufika kwa Mwalimu — duara lipo! Kajichorea mwenyewe, tena mviringo safi, utadhani katumia bikari. Jeuri hiyo! Nikaenda gereji, nikaomba oili chafu na tambara, nikarudi kulifuta. Mkewe alikuwa barazani kwenye kiti chake. Akanipungia mkono. Akauliza, mwanangu, ndiyo mnatuzibia? Nikasema ndiyo, mama.
Nimenawa kwa sabuni ya unga. Kucha bado nyeusi.

Ijumaa, 7 Machi
Vibarua wamemaliza mtaa mzima. Msimamizi wao kasimama kwenye shimo la Mwalimu — na hili je, mbona kubwa kuliko yote? Nikamwambia tazama alama. Akatazama. Wakapakia majembe. Mwalimu alikuwa langoni na sinia, kawaandalia vibarua chai. Vikombe sita. Hakuna aliyekunywa. Raha iliyoje! Leo nitalala fofofo.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua kutwa. Mashimo yamejaa, kina hakionekani. Hakuna jipya.

Jumatano, 12 Machi
Naandika hapa hapa mezani. Mwalimu yuko mbele yangu. Shati halijapigwa pasi, suruali ina tope mpaka magotini. Kaleta fomu mpya. Kanieleza taratibu, kama anayesoma imla: jana wakienda kliniki gurudumu la mbele lilizama kwenye maji ya shimo lile, mama akaanguka kifudifudi. Nyonga imevunjika. Daktari kasema kwa hali yake hawezi kumpasua. Halafu akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho. Ndiyo.
Sasa yupo aliyeumia, akasema. Nipeleke mbele.
Mama kamkataza kuja kugombana. Eti yule mtoto aliniahidi mwenyewe, labda wakubwa zake wamemzuia.
Nikamwambia asubiri, muhuri umekauka wino. Uongo. Naandika ili nisiinue uso. Hajakaa, ingawa kiti kipo. Anaangalia kucha zangu.
Saa nzima sasa.
Ameuliza kama anaweza kutumia choo chetu. Ufunguo uko kwenye droo, goti langu linaigusa. Nimemwambia asubiri kidogo.
Ameuliza tena.