Tabaka la Tatu

Jumatatu, 8 Julai
Msasa tangu asubuhi. Resini ikishakauka huwa laini kama kioo, na tabaka jipya halishiki mpaka uikwaruze. Mabega yananiuma. Nilitaka kuweka tabaka la tatu leo leo, dawa ya kukaushia ikaniishia. Boti imelala kifudifudi bandani. Makame kila nikigeuka yupo: lini, lini? Kaitangazia Mkokotoni nzima kuwa inashuka Jumamosi. Mume wangu mdomo haukai.

Jumanne, 9 Julai
Tabaka la tatu tayari. Kabla sijaliweka, mkukuni, kwenye uti wa boti, kulikuwa na unyevu kidogo, nikadhani umande, nikafuta. Baridi hii inachelewesha, lakini limekauka. Baba mkwe alipita jioni, akaizunguka boti mara mbili, anatabasamu peke yake. Ndiyo boti ya faiba ya kwanza katika ukoo wao. Wote waliotangulia walikuwa watu wa mbao.

Jumatano, 10 Julai
Nimeigonga kwa sarafu kila mahali, nisikie kama tabaka limeshika. Ubavuni sauti nzito, sawa. Mkukuni inalia tupu. Nikapenyeza patasi, tabaka likaachia kama ganda la chungwa. Chini yake mafuta. Nikanusa. Sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya mbao.

Najua ni nani. Nimeshindwa hata kukasirika.

Alhamisi, 11 Julai
Makame anataka nirudishie palepale nipake rangi, basi. Baba yake asifedheheke. Na abiria tutakaowavusha kwenda Tumbatu je? Siku mkuku ukiachia katikati ya maji? Sijapata kumchukia kama leo.

Nikaenda kwa mzee mwenyewe. Shikamoo, marahaba. Kabla sijaanza, kwa furaha: "Nshaipaka sifa, mwanangu. Chombo hakishuki majini kikavu." Nikamwambia. Mbao hunywa mafuta, faiba haiyanywi. Tabaka halikushika, lazima nilibandue. Akatazama viganja vyake. Nimerudi nalia njia nzima.

Jumapili, 14 Julai
Jumamosi imepita, boti ipo bandani. Nimebandua, nimeosha kwa asitoni, nimesaga mpaka nyuzi zikaonekana, na safari hii sikuondoka mpaka nimeweka tabaka jipya. Leo nimegonga. Nzito, mkuku mzima. Sikufurahi. Mzee hajatia mguu hapa tangu Alhamisi, na chai yake anakunywa kwa jirani. Makame akiwa na la kuniambia anauambia ukuta.

Jumatano, 17 Julai
Imeshuka. Mzee alikuja, akasimama mbali nami. Pwani wakauliza mbona tumechelewa. Nilishaandaa uongo, eti dawa ya kukaushia haikufika. Baba mkwe akanitangulia: "Mie nliipaka sifa, faiba ikakataa kushika. Mkwe wangu kairudia." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Naye akacheka. Kisha akapanda, wa kwanza kabisa, kabla hata ya Makame.

Nikajitia kufunga kamba iliyokwisha fungwa.