Mbuzi wa Mjomba Amefungwa Mlangoni

Beu, Beni
Tarehe 13 Oktoba 1964

Mpendwa kaka Kasimu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako Hadidja. Mnaendeleaje huko Bundibugyo? Mgongo wako umepona, au bado unabeba magunia ya kahawa kama kijana? Wifi na watoto ni wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, tunapumua. Tangu waasi waweke vizuizi, lori la mume wangu Juma halijatoka uani, na chumvi haionekani sokoni.

Mpira umesimama, ila comité ya club haijasimama. Kila Jumapili wazee wa kamati hiyo wanajaa sebuleni kwangu, wanakunywa chai bila sukari na kupanga wachezaji wa siku za amani. Mume wangu, kwa kuwa ndiye prezida, anasema kuliko wote.

Unaijua namna yao. Butembo wakimtaka mchezaji wanampa baiskeli. Sisi Beni tunampa mke. "Velo inazeeka, mutu anaenda," Juma anapenda kusema. "Lakini mwenye bibi na shamba, hapana kimbia." Anayasema mbele yangu, mimi niliyetolewa ili yeye, golkipa wa Luofu, asirudi kwao.

Sasa wanataka kumtoa binti yetu Mapenzi. Wanamwoza Esdras, yule mshambuliaji wa Kamango, ili barabara zikifunguka Butembo wasimchukue. Wameshamchagulia hata jina la Kiislamu. Mapenzi hajaulizwa, na siku hizi haongei na mtu.

Nami nauliza, njia hii imetupa nini miaka yote? Vagheni alimwoa Kavira wa jirani, akatorokea Bunia msimu uleule, na Kavira yuko kwa baba yake na mimba aliyoachiwa sasa inakwenda shule. Kasonia alibaki, goti likaharibika, kazi yake ni kufukuza mbuzi uwanjani. Kombe tulilipata mara moja tu, tena bao lilifungwa na mtoto wa hapahapa Beu ambaye hakuna aliyempa kitu. Nilipomwambia Juma hayo, alinituma nikaongeze chai.

Juma si mtu mbaya, kaka. Mwaka wetu wa kwanza alikuwa akikaa nyuma ya nyumba akitazama upande wa Luofu. Mama yake alipofariki kulikuwa na mechi, na comité ikamkatalia kwenda kuzika. Nilidhani mtu aliyeonja hayo hatamwonjesha mwingine. Amesahau, au anajifanya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwetu binti haolewi kabla mjomba hajapokea mbuzi wake. Kwa kuwa njia imefungwa, Juma anataka binamu yetu, mzee Musafiri, ampokee kwa jina lako. Mbuzi ameshapatikana. Amefungwa hapa mlangoni, ananililia sikioni nikiandika.

Kaka, ninakuomba ukatae. Andika kwamba hujamruhusu mtu kusimama mahali pako, si kwa Esdras wala kwa mwingine, maana huyu akikosekana watamleta wa pili. Jibu lako mpe mtu wa kahawa anayepita njia za porini. Juma hasikii la mke, lakini neno la mjomba hawezi kuliruka.

Juzi Esdras alinifuata jikoni. "Mama, mimi sina mubaya na Mapenzi," akaniambia. "Lakini batanifunga hapa sawa vile balifunga Baba Juma. Mama yangu kule Kamango hajue kama niko muzima." Niliacha sufuria ikaungua. Juma hakuwahi kuniambia hivyo, ingawa nilikuwa nikiyaona machoni pake.

Kwa hiyo anayekukabidhi barua hii ndiye Esdras mwenyewe. Ikiwa imechelewa, usimkemee. Nilimwambia apite kwanza kwa mama yake. Mpe chakula, umpe na mahali pa kulala, wala usimhimize kurudi.

Nilitamani Mapenzi aende naye, lakini vizuizini msichana hapiti salama. Basi yuko hapa, nami niko hapa. Jumapili watakapomkosa mchezaji wao wataniuliza. Nitawamiminia chai.

Msalimie wifi, na shangazi Zaina ukimwona. Mungu awafunike nyumba nzima, na barua yako aifungulie njia.

Dada yako akupendaye, asiye na pa kwenda,
Hadidja