Vikumbo Ambavyo Mdogo Wangu Hakuvihesabu

Nyumba za Wafanyakazi, Mlango wa 9
Jumatano, 14 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mkazamjomba, macho yamepata nafuu? Sisi ni wazima wa mwili, ila hofu imehamia nyumbani kwetu.

Ni juu ya mdogo wangu. Kazi yake humu maabara unaijua: viini vizito vya atomi hugonganishwa mpaka viyeyuke kuwa tone la moto mno linalozunguka. Chembe zinazoruka kutoka humo huzunguka kama pia ya kuchezea watoto, na jinsi zilivyoinama hueleza tone lenyewe lilivyozunguka. Lakini kabla ya kufika kwenye vipimo hupigana vikumbo, na kikumbo kinaweza kuipindua pia hiyo. Lazima vihesabiwe.

Hapa jibu hufunikwa. Kompyuta hulichanganya na namba ya siri, mtu asije akavutia hesabu upande anaoupenda. Likishafunuliwa, haligusiki. Yeye na wenzake wa kundi walilifunua Ijumaa, wakapiga makofi.

Jumapili tukiosha vyombo, mkono wake ukasimama ndani ya maji. "Dada, nilizima vikumbo kwenye hesabu ya kompyuta ili majaribio yaende haraka. Sikuviwasha tena."

Mimi humu maabara ni wa kubadilisha mitungi ya gesi tu, lakini hilo nililielewa. Akinyamaza, uongo utachapishwa na majina ya kundi zima. Akisema, wataona analipinda jibu baada ya kuliona, na mkataba wake unakwisha mwezi ujao. Tangu hapo yeye hali, mimi silali. Hata shajara yangu, Jumatatu na Jumanne ni tupu.

Leo amekwenda kwa mkuu wa kundi, yule tunayemwita Simenti kwa kuwa uso wake haukunjuki. Nilikuwa kwenye korido nabadilisha mtungi, mlango uko wazi.

"Nani mwingine anajua?" Simenti alimuuliza.

"Dada yangu wa gesi."

"Basi iishie hapo."

"Nimeshawaandikia wote wa kundi, Mzee. Kabla sijagonga mlango wako."

Simenti aliinuka, akaufunga mlango. Wenzangu wa zamu wamekwenda zao, mimi nakuandikia juu ya kreti la mitungi, na hao wawili hawajatoka. Sisikii hata sauti.

Mdogo wangu akikupigia leo, Mjomba, usimuulize kazi. Muulize kama amekula.

Nisalimie mkazamjomba na mapacha. Mungu akutunze huko uliko, na amtunze aliye nyuma ya mlango huu.

Ni mimi nikupendaye,
Mpwa wako mkubwa