Vichupa Tisa vya Nyuki

Jumatatu, 3 Machi
Duniani nyuki wanaogopa vitu viwili: moshi na mimi. Nimemwambia Daktari wa maabara hivyohivyo aliponikabidhi kazi, akacheka mpaka akavua barakoa. Wafugaji tisa. Kila mmoja nyuki kumi kutoka ndani ya mzinga, kichupa chake, jina juu, kwenye boksi la barafu. Siku nne. Wa kwanza mjomba — nyuki wake wanakufa tangu mwezi jana, mabawa yamejikunja. Wa mwisho shangazi. Nimepewa vazi jeupe na kofia ya wavu. Nimejipiga picha kumi. Bwana harusi kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Kwa mjomba. Nyuki mmoja aliingia ndani ya kofia. Mmoja tu. Mjomba anauliza, "We Chuma, mbona umekimbia na mfuniko wa mzinga wangu?" Nikamwambia naupeleka kwenye mwanga, niukague vizuri.
Chini ya mizinga yake wamejaa nyuki wanaotambaa, hawaruki, hawaumi. Na nyuki ni nyuki, hana kitambulisho.
Saa kumi jioni vichupa vyote tisa vimejaa. Siku nne nimezikunja kuwa moja!

Jumatano, 12 Machi
Maabara. Fundi wa mtambo, tunamwita Miwani, amenionyesha jinsi wanavyosoma jeni za kirusi kinachoua nyuki hawa. Herufi nne tu, zinajirudia maelfu ya mara. Nikasema mimi niliacha shule nikiwa nazo zote. Akauliza, "Na ulizifanyia nini?" Mshenzi.
Daktari anachora ukoo. Herufi zikikaribiana, virusi ni ndugu; zikiachana sana, ni watu baki. Hiki chetu ukoo wake unajulikana, ila kimekaa tawi lake peke yake. Hakijawahi kusomwa. Nimeomba kiitwe Chuma. Hajakataa waziwazi.

Ijumaa, 14 Machi
Vichupa vyote tisa — kirusi kilekile, herufi kwa herufi. Miwani anasema haijawahi kutokea. Mlimani na bondeni lazima herufi mbili tatu zipishane, hata pacha hawalingani hivi. Akaniangalia. Mimi nikaangalia feni.
Daktari yeye kaona jingine: basi kinasambaa kwa kasi ya ajabu. Uso umempauka. Palepale akapiga simu idara ya mifugo.
Sikujua inaonekana mpaka huko. Nani angejua?

Jumatatu, 17 Machi
Amri imetoka. Mizinga ya wote tisa ichomwe keshokutwa.
Shangazi ana mizinga kumi na minne. Nyuki wake wazima kabisa, wanavuma kama mota. Barua ameikunja, ameiweka chini ya sahani. "Hivi mwanangu, wangu ulikuja kuwachukua lini? Wiki ile niliumwa, sikutoka hata mlangoni." Akajijibu mwenyewe: "Labda nilisinzia." Ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Sijala.

Jumanne, 18 Machi
Nimeenda kumwambia Daktari. Akanishika bega mbele ya watu, akasema bila kijana huyu tungechelewa. Wakapiga makofi. Nikatoka.

Jumatano, 19 Machi
Niko nyuma ya choo cha shangazi, naandika juu ya goti. Gari la idara limefika, madumu mawili ya mafuta ya taa yameshushwa. Shangazi kaomba awafungulie waruke kwanza. Wamemkatalia, hata kugusa mzinga haruhusiwi.
Miwani ana kichupa kitupu mkononi. Anabishana na mkubwa wa idara: apewe nyuki kumi kutoka ndani, asome leo, moto usubiri mpaka kesho. Mkubwa anasema dakika tano, na watu wake hawafungui mzinga. Daktari kasema vazi lipo garini, lakini nani?
Nimemsikia shangazi: "Chuma yupo hapahapa. Huyo nyuki hawamtishi."
Wananiita. Mara ya tatu sasa. Sauti ya shangazi ndiyo iko juu.
Kwa wale wanane sikwenda. Hata kwa shangazi sikwenda. Wote tisini niliwaokota chini kwa mjomba. Na haikuwa uvivu, kama nitakavyosema nikibanwa. Naogopa nyuki.