Urefu wa Kitanda

Mpendwa wifi,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe, kaka yangu na watoto. Naamini mko wazima, na kwamba huyo mumeo fundi bado anakoroma kuushinda msumeno wake. Mimi sijambo kiasi. Ukiona mwandiko umepinda usinicheke, naandika nimelala.

Uliniuliza kazi yangu ya kumtunza huyu bibi wa watu ni kazi gani hasa. Ni kuinua, wifi. Namtoa kitandani nampeleka kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, kisha namrudisha. Bibi ni mtu wa mzaha lakini ana mwili, na kitanda chake kiko chini mno, kinanifika magotini tu. Wajukuu zake wakaniita Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Nilicheka, nikajiona shujaa.

Kisha akaja mtaalamu wa viungo kumwona bibi, akaishia kunitazama mimi. Alisema kwa namna ile najimaliza. Akanifundisha, nami nakufundisha, kwa hiyo soma polepole. Usimvute mtu kwa mikono. Msogelee hadi miili igusane, tanua miguu, kunja magoti, mgongo ubaki wima. Ukishambeba usijipinde kiuno, geuka kwa nyayo. Kumgeuza kitandani, mtandikie shuka la ziada chini yake, uvute shuka. Na kitanda kipandishwe juu ya magogo mpaka kifike kwenye nyonga za anayeinua. Huyo ndiye wa kupimwa, siyo anayelala.

Mwenye nyumba, mtoto wa bibi, alisikiliza kwa adabu. Mtaalamu alipoondoka akasema kile ni kitanda cha ndoa cha mama yake, hakiwezi kupandishwa kama gari bovu juu ya mawe. Sikubisha. Niliogopa kuonekana mvivu, nikaendelea kuinua.

Ganzi ikaanza kwenye kidole gumba cha mguu, nikaipuuza. Siku moja bibi aliniuliza ndala yangu ya pili iko wapi. Ilikuwa imechomoka jikoni, na mimi sikuwa nimejua. Safari hiyo bibi hakutania. Alinishika mkono akaniambia nirudi kwetu nikiwa bado natembea. Nikamjibu kwamba nitaondoka mwezi ukiisha.

Sasa niseme lile ninalolizunguka. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimemkumbatia bibi ili nimsimamishe, mgongo ukalia, nikaanguka naye juu yangu. Yeye ni mzima. Mimi miguu imekufa, na hapa wodini wameniambia nisiitegemee tena. Nasikia kitanda cha bibi kimeshawekewa magogo, kwa ajili ya msichana mpya.

Naogopa, wifi, na ninaogopa zaidi kwa ajili yako.

Jumamosi nitaletwa huko nyumbani. Mwambie kaka akate magogo manne, akiinue kitanda changu kabla sijafika. Asipime kwa urefu wake, yeye atakuwa karakana mchana kutwa. Apime kwa nyonga zako.

Wabusu watoto, na wote wanaoniulizia wape salamu.

Wifi yako,
Winchi mstaafu